Mfereji wa Nne wa Mke wa Daktari

Daktari wa meno niliyemfanyia kazi miaka kumi na tisa, mimi nikimshikia taa na kuwafyonza mate wagonjwa wake kwa mrija, alikuwa na mikono myepesi na masikio mazito. Umwambie jino alilolitibu bado linauma, atakutazama kama umemtukania mama. "Mifereji mitatu ya mizizi nimesafisha, mitatu nimeziba," atasema. "Hayo mengine ni mawazo yako tu."

Wagonjwa wengine walihamia kwingine. Mkewe angehamia wapi? Jego lake la juu kushoto alilitibu yeye mwenyewe, na kwa miaka sita mama wa watu akawa anatafunia upande mmoja huku akiambiwa anadeka. Mwishowe shavu likavimba, Daktari akatangaza kuwa Ijumaa ataling'oa yaishe.

"Halitoki," mkewe akasema, "mpaka mwanangu aliangalie."

Binti yao ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kusomea kazi hiyohiyo, na miwani yake ya kukuza ilimfanya aonekane fundi saa. Baba mtu aliguna, kisha akavuta kiti aje kukosoa. Binti akampiga mama ganzi, akafungua jino, akatoa uchafu wa zamani, akadondosha dawa ya kuoshea. Halafu akatulia, anatazama tu.

"Unangoja ichemke uweke majani ya chai?" Daktari akauliza.

Vipovu vikaanza kupanda, vidogovidogo, mahali ambapo hapakuwa na tundu; dawa ilikuwa imekuta uchafu uliojificha chini yake. Binti akapakwangua kidogo, akachukua sindano nyembamba kuliko zote. Ikazama.

"Wa nne huu, Baba. Uko mzizi wa mbele, umejibana kando ya ule mkubwa."

Sitaki kusema uongo, nilifurahi.

Daktari akaomba miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, sauti yake sikuijua.

"Linakuuma tangu lini, mama watoto?"

Mkewe akatoa pamba mdomoni. "Tangu siku ile uliponiambia haliumi."

Daktari aliichukua taa mikononi mwangu, akamshikia binti yake mpaka mfereji wa nne ukasafishwa. Mkono ulikuwa unamtetemeka, na hakuna aliyemwambia anadeka.