Msikiti wa Mabati wa Kisaju

Juma lililopita nilirudi Kisaju kwa mazishi ya nyanya. Jeneza lilipopelekwa msikitini kuswaliwa, nilifuata na wanawake wenzangu. Msikiti ni mzuri, siwezi kukudanganya: ghorofa, vigae, mnara unaouona ukiwa bado mbali kwenye barabara ya Namanga. Lakini macho yangu yalikuwa yanautafuta ule wa zamani, wa mabati.

Ule aliujenga babu na wenzake, wauza mbuzi waliotoka kaskazini-mashariki. Ulikaa mshazari, umeipa barabara bega, na wapita njia walicheka wakidhani fundi alikosea kupima. Kumbe ulielekea kibla, upande wa Maka. Kuta zote zilikuwa bati, isipokuwa mihrabu, pale mbele anaposimama imamu. Hiyo ilikuwa ya mawe, na babu aliyachonga mwenyewe.

Sisi wanawake tuliswali nyuma ya pazia. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele hata imamu hasikiki, na nyanya akatufundisha kufuata vivuli vya wanaume kwenye pazia: wakiinama, tuiname. Ramadhani ilinukia sambusa na mbuzi kwa pamoja. Jirani yetu Mmasai, mama wa kanisani, alileta maziwa kwa kibuyu, akatusalimu "Sopa!" kutoka nje, kisha akaketi na nyanya kupiga stori mpaka adhana.

Babu alipokufa, nyanya alikaa eda, kisha hakukosa Ijumaa hata moja. Halafu ule wa mabati ukabomolewa, huu ukajengwa, na wanawake wakapewa ghorofa ya juu. Siku ya kufunguliwa nilimshika mkono. Alipanda ngazi kidogo, akasimama akihema.

"Hii magoti imekataa," akasema.

Nikamwomba mwangalizi wa msikiti amruhusu akae chini, hata kwa kona.

"Chini ni ya wanaume, dada. Lakini tutaangalia hiyo maneno."

Hawakuangalia.

"Twende nyumbani," nyanya akaniambia. "Mungu ananisikia hata nikiwa jikoni."

Tangu hapo, kila Ijumaa alioga, akavaa nguo safi, akaketi mlangoni kusikiliza adhana ya kipaza sauti. Hakuingia tena.

Mpaka juma lililopita. Nikiwa juu, nilichungulia chini nikaona wanaume wamempitisha mlango wao, wakamlaza mbele kabisa, karibu na imamu. Hakuna aliyesema chini si kwake. Nililia, na wenzangu wakadhani nalilia kifo tu.