Asali Iliyofukiwa Porini Usoke

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mhariri wangu alitaka habari njema. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, dawa za maabara hazipatikani, naye alikuwa amesikia kwamba Tabora kuna maabara ya utafiti wa wadudu wa tumbaku ambayo haitupi kitu. "Kaone kujitegemea kwa vitendo," aliniambia.

Baada ya Dodoma gari moshi lilikata nchi kavu ambayo zamani misafara iliivuka kwa miguu. Behewa langu lilijaa familia zinazohamia vijiji vipya, masufuria yao yamefungwa kwa kamba. 

Tabora nilipokewa na mkuu wa maabara, Bwana Nassor, mzaliwa wa mtaa wa Kanyenye mjini humo, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman. Alinionyesha jinsi anavyochemsha spiriti iliyokwisha kutumika, kuupoza mvuke na kuipata tena ikiwa safi. Mabaki ya majaribio yalikaa kwenye chupa zenye vibandiko. Hakuna kilichomwagwa mtaroni.

"Humu hata harufu inaomba ruhusa kutoka," alitania.

"Na madebe ya dawa ya wadudu?" nilimuuliza, maana sikuona hata moja.

"Tunayaosha kwa maji, tunawapa wanavijiji. Wanayagombania! Kesho twende Usoke ukajionee."

Kutoka stesheni ya Usoke tuliazima baiskeli mpaka kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndani ya pori. Mama Nyamizi, mwenyekiti wa kikundi cha warina asali, alitupokea mlangoni pa ghala.

"Shikamoo, mama," alisema Nassor.

"Marahaba, baba madebe! Leo umekuja mikono mitupu?"

Akacheka, akatuingiza ndani. Asali ya msimu mzima ilikuwa pale katika madebe ya maabara, ikisubiri lori la mnunuzi. Kwa asali hiyo kijiji kingenunua mabati ya zahanati, ambayo kuta zake zilikuwa zimeshasimama.

Nassor aliinamia debe la kwanza, akanusa. Akaenda la pili. La tatu akalishika ukingo, asiinuke upesi. Dawa ile ilikuwa ya mafuta. Maji ya kuoshea yalikuwa yamepita juu yake tu.

"Mama, nani ameila asali hii?"

"Mume wangu, Maganga. Alilamba juzi, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Tukamcheka, tukasema ni ulafi. Kwani vipi?"

"Ina sumu. Yote imwagwe."

Kicheko kilimfutika Mama Nyamizi usoni. "Si wewe uliyetuambia mkutanoni kwamba kwenu mnachemsha kitu kichafu kinarudi safi? Basi ichemshe!"

"Hii haichemshiki, mama."

"Kwa hiyo ya kwenu inaokoleka, ya kwetu haiokoleki."

Nassor aliomba majembe.

Mchana wanaume walichimba shimo pembeni ya kijiji. Madebe yalimiminwa moja baada ya jingine, na kabla hayajaisha nyuki walikuwa wametanda juu ya shimo. Walifukuzwa kwa moshi, wakarudi. Tulifukia haraka, lakini udongo ulikuwa wa kichanga, asali ikapenya juu, nao wakaendelea kutua.

Asubuhi Mama Nyamizi alitupeleka kwenye miti yenye mizinga. Nyuki walikuwa wamelala chini, wengine wakizungukazunguka kwa mgongo. Aliweka sikio kwenye mzinga mmoja, akahamia mwingine.

"Asali tungerina mwakani," alisema. "Sasa nani ataitengeneza?"

Tulirudi Tabora pamoja na Maganga, mikono ikimtetemeka, tukamfikisha hospitali. Nassor alikwenda moja kwa moja maabara, akayatoboa kwa msumari madebe matupu yote yaliyobaki stoo, yasitumike tena. Tangu hapo aliagiza dawa kwa chupa ndogo, kiasi cha jaribio, na chombo kitupu hakikumtoka tena mkononi. Nilimwamini, lakini aliyafanya hayo akiwa Tabora, na hasara ilikuwa Usoke.

Nilichojifunza ni kwamba maabara haijui ilichookoa mpaka ifuatilie kilichotoka mlangoni mwake, hata kile ilichotoa kwa moyo mwema. Lori la mnunuzi lilifika kijijini siku iliyopangwa, likaondoka tupu. Mvua za mwaka ule zilinyesha ndani ya zahanati.