Siku Mama Sifa Alipolima Uwanja wa Kambi

Mjukuu wangu, kuna siku moja ya vakansi, likizo ya shule, ambayo ikinijia, naacha kumenya viazi na kutulia kidogo. Ilikuwa wakati wa Wabeleji, mimi nikiwa msichana wa kutumwa maji, na kule juu ya Kingi, kwetu Masisi, Wakristo walikuwa wamejenga kambi ya vijana.

Usifikiri ilikuwa kitu kikubwa. Nyumba moja ndefu ya matope na majani, vitanda vya mianzi, jiko lisilo na ukuta, choo nyuma ya miti, na depo ndogo ya kuwekea viazi na maharagi. Maji yalishuka toka chemchemi ndani ya mianzi iliyopasuliwa, na yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Matope ya kuta zile tuliyabeba sisi wasichana. Shamba lenyewe lilitoka kwa Mama Sifa, mjane ambaye watoto wake wote walikuwa wamekufa. Alitaka watoto wa wengine wacheze pale.

Vakansi ya kwanza vijana walitoka Masisi yote, na wengine Walikale, huko porini. Pamoja nao alifika Faida, binti wa rika langu, akifuatana na kaka yake. Walikuwa wametembea mpaka miguu imevimba. Papa Yoane, katekista aliyesimamia kambi, alimwonea huruma, lakini akamwambia nyumba ni ya wanaume. Kesho angerudi na wachuuzi wa chumvi waliokuwa wakielekea kwao. Faida hakulia. Aliketi juu ya furushi lake, akatazama njia aliyotoka. Mimi nilikimbia kwa Mama Sifa nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichukua jembe, akapanda mpaka uwanjani ambapo wavulana walikuwa wakicheza mpira, akaanza kulima katikati. Mchezo ukasimama. Papa Yoane akaja mbio.

“Mama, unafanya nini?”

“Nalima. Kama wabinti hawana nafasi hapa, maharagi yangu yatapata.”

“Lakini hii shamba ulishaitoa, Mama.”

“Niliitoa kwa watoto. Sikusema wanaume tu. Hawa wabinti walijenga, na wewe ulikuwa unaona.”

Papa Yoane alitazama kuta zile za matope. Kisha akasema taratibu, “Nyumba iko moja tu. Watalala wapi?”

“Depo iko. Viazi vitalala kwangu.”

Kaka ya Faida ndiye aliyecheka kwanza, halafu Papa Yoane naye. Jioni ile wavulana walishusha magunia mpaka kwa Mama Sifa. Sisi tukafagia depo, tukatandika majani makavu. Faida alilala kati yetu, na Mama Sifa mlangoni. Vakansi iliyofuata, wavulana walewale walikata mianzi ya nyumba ya wasichana. Baadaye Faida alijifunza ukunga. Mama yako alizaliwa mikononi mwake, kule Mweso.

Sasa nisikilize. Siku utakapopewa mamlaka ya kusema nani aingie na nani abaki nje, usifuate mazoea tu. Uliza nani alifanya kazi, na nani ametoka mbali. Na kabla hujapewa mamlaka yoyote, ukiona mtu anarudishwa bila haki, usikae kimya kwa kuwa wewe ni mudogo. Mutafute mutu anayesikilizwa, umwambie.

Mungu akulinde katika njia zako, mwanangu. Popote utakapofika umechoka, upate watu wa kukusogezea mahali pa kulala.