Sampuli ya Mgeni

Mtaani walimwita Mama Majani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu afiwe na mume alikuwa akikausha majani ya mlonge, anayasaga, anayafunga kwenye makopo. Aliyethubutu kuuliza kama yanafaa alijibiwa kwa mkato, "Nauza ninachokula." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye hakuwahi kutembeza kopo hata moja.

Basi chema kikajiuza mpaka ng'ambo. Mnunuzi wa huko aliagiza magunia, na ndipo Mama Majani alipojua kwamba kwa wenzetu unga wake unaitwa kirutubisho, na kirutubisho hakivuki mpaka kwa sifa za mtaani. Afisa wa vibali, kijana mpole mwenye tai iliyopauka, alimfutia neno "hutibu" kwenye lebo, maana kinachotibu ni dawa, na dawa ina mlango wake. Kisha akamwambia alete sampuli ipelekwe maabara.

Sasa, kwa Mama Majani kitu cha mgeni hakichotwi ovyo. Mgeni hupewa kikombe kisicho na ufa. Alichuma majani machanga kwa mkono wake, akayaosha, akayaosha tena, akayaanika chumbani juu ya shuka jeupe huku mkwe wake, mke wa mwanawe, akifukuza nzi. Mzigo wenyewe uliendelea kukaukia palepale pa siku zote, juu ya paa la bati alilolipaka rangi nyekundu marehemu mumewe. Hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa na adabu tu, na adabu ndiyo iliyomponza.

Sampuli ilipita kwa sifa. Mzigo ulipofika bandari ya ng'ambo ukapimwa upya, ukakataliwa.

"Una madini ya risasi, mama," afisa alimwambia, macho yake mezani. "Ni sumu. Rangi za zamani za mabati zilikuwa nayo. Rangi hiyo inabanduka kidogo kidogo, inashika majani. Sampuli ilitakiwa ichotwe kwenye magunia yaleyale, gunia lolote."

"Ningempaje mgeni gunia lolote?"

Afisa alifunga jalada. "Mzigo utateketezwa hukohuko," alisema. "Hawawezi kuruhusu watu wao wale."

"Na watu wetu?"

"Wa hapa hakuna aliyewahi kuupima, mama."

Alirudi kwa miguu, amefura kwa hasira. Alimkasirikia afisa, akawakasirikia wageni, akamkasirikia hata marehemu na brashi yake. Wenzetu wana mtu wa kusimama bandarini aseme hapana. Sisi tulikuwa na Mama Majani.

Mkwe wake alikuwa uani anapepeta, tumbo la miezi saba limemtangulia.

"Habari za huko, Mama? Wamepokea?"

"Wamekataa, mwanangu. Una sumu." Akamweleza yote, rangi, paa, shuka, hakuficha neno.

Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauweka ungo chini, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Sasa Mama, si ulikuwa unanisimamia kila asubuhi mpaka nimalize kijiko cha unga huu?"

 Mama Majani alikuwa akimsimamia kweli, na siku alizokitapika, alimkorogea kingine.