Walipogonga Mabati ya Stoo

Mume wangu alikuwa mwanamaji wa jeshi kabla hatujahamia mtaa wa Kapsoya. Kazi yake ilikuwa sona, mtambo unaotuma mlio chini ya maji kisha unasikiliza mlio huo ukirudi baada ya kugonga chuma cha nyambizi. Aliwahi kuniambia kwamba nyambizi ikizima injini na kutulia kwenye mawe ya sakafu ya bahari, mlio unaorudi huchanganyika na wa mawe, na meli inaweza kupita juu yake isiijue.

Wiki ile ya matokeo ya uchaguzi, vijana waliotaka sisi wahamiaji tuondoke walichoma nyumba karibu na yetu mchana kweupe. Jirani yetu, mwalimu mzaliwa wa huku, alitufungulia stoo yake ya mahindi. Tukajilaza nyuma ya magunia, sisi wawili na binti yetu wa miaka minne.

Walifika. Mmoja akagonga mabati kwa rungu, mara moja tu, halafu wote wakanyamaza. Sikuelewa wanangoja nini. Mume wangu akaniwekea mdomo sikioni.

"Wanasikiliza. Wanataka mtoto alie."

Nikamziba binti yangu mdomo. Simu yangu ilikuwa kifuani, na dada yangu alikuwa akipiga tangu asubuhi. Mume wangu akaichomoa, akatoa betri polepole, jasho likimdondoka. Wakagonga tena. Mtoto akashtuka, mkojo wake ukanilowesha, lakini hakulia.

"Mwalimu, nani yuko humu?" sauti iliuliza nje.

"Mahindi yangu," mwalimu alijibu. "Mnataka kuchoma chakula changu pia? Wewe nilikufundisha kusoma. Rudi kwa mama yako."

Walisimama pale kwa muda ambao mimi niliuona hauishi. Kisha nikasikia viatu vikienda.

Tuliingia kambi ya waliofukuzwa makwao, na baadaye tukapanga chumba mahali pengine, Plateau. Nyumba ya Kapsoya hatukuirudia. Lakini binti yetu alikuwa ameacha kuongea kabisa. Ukimwita anakuja, ukimuuliza anakutazama tu. Daktari alisema tusimlazimishe. Nilianza kuogopa kwamba mkono wangu ndio ulioizima sauti ile.

Muhula wake wa pili shuleni, asubuhi moja, babake alimwekea chai mezani. Mtoto akaonja, akakunja uso.

"Baba, hii haina sukari."

Mume wangu akaweka birika chini, akatoka nje, akasimama kwenye ukuta akitugeuzia mgongo. Mimi nilitafuta sukari. Nikamwaga nusu mezani.