Ushindi Ulioandikwa Mapema

Ndani ya ngozi ya Radivoj Maleshev waliishi watu wawili, na hawakuwa wakipatana. Mmoja alicheza sataranji. Mwingine aliandika habari za sataranji katika gazeti moja la Novi Sad, kila Jumapili, chini ya bei za nguruwe na juu ya matangazo ya vifo. Mwandishi alikuwa mwepesi na mcheshi, mtu wa kupenda mambo yaishe vizuri. Mchezaji alikuwa mzito, mwenye shaka, wa kuikodolea macho kete mpaka kahawa yake ipoe. Mwandishi ndiye aliyelipa kodi ya nyumba. Mchezaji ndiye aliyekosa usingizi.

Miaka ile baada ya vita nchi nzima ilishikwa na wazimu wa sataranji. Watu hawakuwa na viatu vya kutosha, lakini ubao wa sataranji ulikuwepo kiwandani, kambini, wodini, hata kwa kinyozi, ambako mtu aliweza kutoka amenyolewa upande mmoja kwa sababu kinyozi kazidiwa ubaoni. Katika nchi kama hiyo, anayeitwa Fundi wa sataranji alifutiwa meza kwa kitambaa kisafi. Maleshev alifutiwa kwa kile kingine. Alikuwa bado mgombea wa cheo hicho, na alikuwa amegombea mpaka nywele zikaanza kumkimbia. Alishaandika vitabu viwili vya kufundisha watu kushinda. Waliovisoma walishinda kweli, na baadhi yao walimshinda yeye.

"Huyo ni Fundi wa wino," walisema mkahawani, na walisema akiwepo, maana huko kumsengenya mtu nyuma ya mgongo wake ni ukosefu wa adabu.

Alicheka pamoja nao. Savka, mkewe, ndiye aliyejua kicheko hicho kilikwenda kulala wapi.

"Mimi sikuolewa na cheo, Radivoj," alimwambia akimkunjia shati la safari. "Lakini kipate, tafadhali. Labda utaacha kuguna usingizini kama ng'ombe anayezaa."

Shati hilo lilikuwa la kwendea Vrshac, mji wa mashamba ya mizabibu, ambako vuli ile yalifanyika mashindano. Maleshev alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba, na kufikia siku ya mwisho hesabu ilikuwa nyepesi: akishinda mchezo mmoja tu, ni Fundi. Sare isingemsaidia kitu. Ingemrudisha nyumbani mgombea, na kwa umri wake mgombea hugombea mara ya mwisho bila kujua kwamba ndiyo ya mwisho.

Aliyeketi mbele yake alikuwa daktari wa meno, Ignac Kelemen wa Subotica: mnene, mwenye mikono laini na ulimi wa pilipili. Alicheza kwa uso uleule aliong'olea magego. Kabla ya kukuchukulia malkia wako aliinama kidogo na kukunong'oneza, "Haitauma."

Siku ile haikumuuma Maleshev hata kidogo. Jioni ilipoingia na mwamuzi kusimamisha mchezo hadi asubuhi, kama ilivyokuwa desturi ya michezo mirefu, mfalme wa Kelemen alikuwa amebanwa pembeni kabisa, kwenye kona. Alibakiwa na mzinga mmoja, ile kete ambayo wengine huiita ngome, na askari mmoja asiyeweza kusogea. Maleshev naye alikuwa na mzinga, na askari wake wa miguu alikuwa karibu kufika mwisho wa ubao, pale askari hugeuka malkia.

Alikuwa hajavua koti alipoitwa kwenye simu ya hoteli. Aliyepiga alikuwa Bogosav, mhariri wake.

"Umeshinda?"

"Mchezo umesimama hadi kesho, ndugu Bogosav."

"Mashine ya kuchapa haisimami hadi kesho. Nina tundu ukurasa wa sita. Nikiliziba tena kwa nguruwe, wasomaji watanichoma moto."

"Nina hali nzuri. Nzuri sana, kwa kweli."

"Kwa hiyo utashinda."

"Mambo yakienda sawa."

"Basi niambie yatakavyokwenda sawa. Naandika."

Mchezaji angekata simu. Lakini aliyeshika simu alikuwa mwandishi, na mwandishi aliona mwisho wa kupendeza ukimjia wenyewe, umejipamba kama bibi harusi. Anautoa mzinga wake sadaka! Kelemen anaula, kwa kuwa hana njia nyingine. Askari anapiga hatua ya mwisho, anageuka malkia, mambo yamekwisha. Maleshev aliitamka hatua moja moja, Bogosav akiandika. Alipoona bado kuna nafasi, akaongeza: "Daktari Kelemen akanipa mkono, uso wake ukifanana na wa mgonjwa wake." Akaenda kula samaki. Akalala bila kuguna.

Asubuhi gazeti lilifika na treni ya kwanza. Mhudumu alimletea pamoja na kahawa na kifla, mkate uliopinda kama mwezi mwandamo, kitambaa kipya kikining'inia mkononi.

"Hongera, ndugu Fundi! Leo hulipi."

Maleshev alifungua ukurasa wa sita ajisome, raha ambayo hakuwahi kuikinai. Hapo ndipo alipoliona. Mwandishi yeyote atakuambia: kosa hujificha kwenye rasimu, hujificha kwa mhariri, likishachapwa tu hukukonyeza. Aliutazama mchoro wa ubao, mweusi na mweupe, akaona kwamba baada ya malkia wake kuzaliwa, mfalme wa Kelemen kule kona hatakuwa na pa kukanyaga, na yule askari wake haendi mbele wala nyuma. Kinachobaki kutembea ni mzinga wake peke yake. Na mzinga wa namna hiyo wachezaji wa kule huuita mzinga kichaa: unamvamia mfalme wako kifua wazi, unakuomba uuue. Ukiuua, adui hana tena kete ya kusogeza, na sheria ni sheria, sare. Usipouua, unakufukuza ubao mzima mpaka uchoke, sare vilevile.

Kifla yote ikazama kwenye kahawa.

Laiti lingekuwa kosa la kichwani, angelisahihisha na hakuna ambaye angejua. Sasa alikuwa amemchapishia adui yake mpango wa vita, kwa nakala za kutosha mkoa mzima.

Ukumbini kila mtazamaji alikuwa na gazeti, limekunjwa ukurasa wa sita. Kelemen alilichomeka lake mfukoni mwa koti, kama leso ya harusi. Alisimama, akampa mkono.

"Nimesoma kwamba nimeshindwa, ndugu Maleshev. Pole kwa kukusumbua kuja tena."

"Daktari, ni mambo ya uchapaji..."

"La, la, umeandika vizuri. Mke wangu ameniuliza kwa simu kama kweli nilikuwa na uso wa mgonjwa. Nikamwambia sijui, sijacheza bado."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwamuzi akagonga meza, akaifungua bahasha ambamo Kelemen, kama sheria ilivyotaka, alikuwa ameandika kwa siri hatua yake ya jana. Ilikuwa hatua ya lazima, iliyotarajiwa na wote. Saa ikaanza. Kelemen akaegemea kiti, mikono juu ya tumbo, akasubiri mzinga utolewe sadaka. Macho yake yalimeta. Maleshev akaelewa kwamba daktari amekwisha kuliona tundu la mpango ule, na amelikumbatia tangu treni ifike kama mtoto na mdoli.

Alikaa. Alikaa mpaka watu wakaanza kukohoa. Mwandishi ndani yake alilia: hatua ile ni nzuri, imekwisha chapwa, watu wameipenda! Na mchezaji, yule mzito aliyedharauliwa miaka yote, akainuka polepole, akamwambia mwenzake akae kimya.

Maleshev alimsogeza mfalme wake hatua moja. Nyuma.

Minong'ono ilipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi makavu.

"Hiyo haimo gazetini!" mtu mmoja alipaza sauti, amekasirika kabisa, kama aliyeuziwa bidhaa mbovu.

"Kimya!" akasema mwamuzi.

"Lakini ameandika mwenyewe!"

Kelemen alilitoa gazeti mfukoni, akalitazama, akautazama ubao. "Ndugu mwamuzi," alisema kwa upole, "mshindani wangu anacheza kinyume na vyanzo vya kuaminika."

"Magazeti husema mengi, daktari," Maleshev alijibu, na hakuinua macho.

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Mfalme wa Maleshev alitembea. Alirudi nyuma, akazunguka, akapita ukingoni mwa ubao kama mzee anayetafuta kofia yake nyumba nzima. Njia ya kushinda ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa ya ajabu: ilimbidi kwanza amfungulie adui mlango, ampe mfalme wa Kelemen pa kupumua, ndipo ammalize. Aliyebanwa kabisa hashindwi. Hilo hakuwahi kuliandika katika kitabu chake chochote. Watazamaji walipiga miayo. Harufu ya paprika na nyama ikaingia kutoka jikoni, wakaondoka mmoja mmoja, wakayaacha magazeti vitini. Hatimaye walibaki watatu: Maleshev, Kelemen, na mwamuzi aliyekuwa akisinzia.

Kelemen alimlaza mfalme wake ubaoni kwa kidole kimoja.

"Imeuma," alisema.

Basi Radivoj Maleshev akawa Fundi. Alikwenda moja kwa moja kwa Bogosav kuomba nafasi ya kusahihisha.

"Tulisema umeshinda?" Bogosav aliuliza.

"Ndiyo."

"Umeshinda?"

"Ndiyo, lakini si kwa..."

"Nenda kalale, Fundi. Wiki hii nina mavuno ya viazi-sukari."

Mchezo ule wa gazetini ukaanza maisha yake. Magazeti mengine yaliuchukua. Mtu fulani ng'ambo aliuingiza katika mkusanyo wa miisho mizuri. Na kwa kuwa nchi nzima ilikuwa na wazimu uleule, nchi nzima ililiona tundu. Zikaanza kuja kadi za posta. Mwanajeshi wa Skopje, mtawa wa Makarska, fundi bomba wa Zenitsa, wote kwa heshima kubwa: ndugu Maleshev, kwa masikitiko nakujulisha kwamba hukushinda. Alimjibu kila mmoja. Katika kitabu chake cha tatu aliuweka mchezo wa kweli, lakini mchapishaji aliukata. Alisema hakuna msomaji atakayelipa dinari zake kumtazama mfalme akitembea.

Kwa hiyo alikuwa Fundi ambaye ushindi wake ulijulikana kila mahali kwa jinsi ambavyo haukutokea. Alizeeka hivyo. Aliandika vitabu vingine, vya kuchekesha, watu wakavipenda. Usingizini aliendelea kuguna.

Katika siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wa Maleshev, hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa, anayekuja amekuja. Kelemen, ambaye hakuwa hata wa dhehebu lao, alikuwa akija kila mwaka kwa treni ya Subotica, akinung'unika kwamba ni mfungo na Savka kapika samaki na maharage tena. Baada ya kula walipanga kete, wakaurudia ule mchezo wa kweli, hatua kwa hatua, Kelemen akitafuta mahali ambapo angejiokoa.

Mwaka mmoja alikuwepo mhandisi kijana, mkwe wa jirani, aliyejipatia glasi kadhaa za rakija, pombe kali ya matunda, na ujasiri wa kutosha.

"Mzee Maleshev, usinikasirikie. Ule mchezo wa Vrshac nimeuchunguza. Mzinga kichaa! Ilikuwa sare, mzee wangu. Kwa haki kabisa hukushinda."

Maleshev alifungua mdomo atoe jibu lake la kawaida, lile la kadi za posta: ni kweli, asante kwa kunijulisha. Hakupata nafasi ya kulitoa.

Kelemen alikuwa amesimama. Leso ilimning'inia shingoni, mfupa wa samaki ungali mkononi.

"Kijana! Nani alikuwepo pale, wewe au mimi? Mimi ndiye niliyepigwa! Nilipigwa polepole, toka asubuhi mpaka watu wakaenda kula, na mtu mwenye subira ya punda! Ninyi nyote mnamnyima ushindi wake, sawa, shauri yenu. Lakini mimi msininyang'anye kipigo changu. Sina kingine kizuri kama hicho."

Savka aligeukia jiko, akafuta macho kwa aproni, akasingizia vitunguu.

"Kaa, Ignac," Maleshev alisema. "Maharage yanapoa."

"Maharage yapoe. Lete ubao."

Ubao ukaletwa. Mhandisi alisogea pembeni, kisha akasogea karibu. Maleshev alimshika mfalme wake, akamrudisha nyuma hatua moja, na Kelemen akainamia kete akikunja uso, kama mtu ambaye hajui mambo yataishaje.