Mzee Asiyetukanwa

Nilipewa baiskeli, fomu ya kurasa nne na siku tatu. Landrova ya ofisi ilikuwepo, ila petroli yote ilikuwa imekwenda na wakubwa kuhamasisha vijiji huko bondeni. Basi mimi, binti wa Mbeya mwenye cheti kipya cha ustawi wa jamii, nikakanyaga pedali peke yangu dhidi ya upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa saba, ambao haumwulizi mtu ana cheti gani.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima matunzo katika nyumba ya wazee iliyokuwa nje kidogo ya Katandala. Wazee kumi na mmoja waliokosa mtu wa kuwatunza waliishi pale chini ya mtunzaji mmoja, mama mjane wa makamo. Ofisini kwetu ilikuwa imefika barua isiyo na jina, yenye mwandiko mzuri kuliko wa bosi wangu, ikisema kwamba mtunzaji yule anawatukana wazee na kuwabagua. Bosi aliniwekea barua mezani. "Ndugu, ukithibitisha haya, Jumatatu tunamwondoa. Hatukujenga Ujamaa ili wazee watukanwe."

Mimi nami sikuwa mtu wa kuvumilia upuuzi. Kabla sijafika hata Katandala nilikuwa nimeshamfukuza kazi yule mama moyoni mwangu. Barua yenyewe niliisoma mistari ya mwanzo tu, kwa sababu ilitosha kunipandisha hasira.

Nilifika Jumatano wakati wa uji. Sikuhitaji kumhoji mtu. Mtunzaji, mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa anapita na sufuria ya uji wa ulezi. Akasimama mbele ya bibi kizee mmoja asiye na jino hata moja.

"We bibi, bado upo? Wachimba kaburi walikuja jana, umewapotezea muda wao bure."

Bibi akapokea kikombe. "Nitakuzika wewe kwanza. Na shimo lako watalichimba siku mbili, kwa hayo maguu."

Akahamia kwa babu aliyekuwa anakunywa kwa kelele. "Kunywa taratibu babu, hiyo midomo ni ya kuazima, utairudisha imechanika."

Nilitoa fomu. Swali la tisa lilisema: Je, mtunzaji anatumia lugha ya staha? Niliandika HAPANA kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka. Maswali mengine niliyajaza kwa haraka, na nakiri kwamba majibu yake yaliniudhi, maana yalikuwa mazuri. Blanketi zilikuwepo na zilinukia sabuni, wakati sabuni mjini ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Dagaa wa Kirando walikuwa wamechambuliwa vichwa ili wasiwakwame wazee kooni. Hakuna aliyekuwa na kidonda. Lakini mimi nilikuwa na swali langu la tisa, na nililishikilia.

Nilimwita mtunzaji pembeni ya jiko. Nyuma ya jiko hilo kulikuwa na chumba alichoishi na wanawe wawili. Akifukuzwa kazi, anatoka na chumbani.

"Mama, nimekusikia kwa masikio yangu. Kuanzia kesho, nikisikia neno moja tu la utovu wa adabu, Jumatatu huna kazi."

Alijifuta mikono kwenye kitenge polepole. "Neno moja tu?"

"Moja."

"Haya, Ndugu," akasema, na macho yake yakaenda kwenye mlango wa kile chumba.

Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye benchi, kalamu mkononi, nimejaa kama serikali nzima. Mtunzaji akatoka na sufuria. Alitembea kwa ncha za vidole. Akainama mbele ya bibi asiye na meno.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali, karibu uji."

Bibi akaweka kikombe chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Karibu uji."

"Basi ni mimi ninayekufa. Daktari amekwambia nini?"

Mtunzaji alinitazama, akaenda kwa babu wa midomo. "Shikamoo, babu. Umeamkaje?" Babu yule alinyanyuka na fimbo yake, akaingia chumbani, akarudi na blanketi lake akampa jirani yake liwe kumbukumbu. Kufikia saa nne, wazee watatu walikuwa wamekataa uji, mmoja alikuwa ameagiza aitiwe padre ampake mafuta, na wengine walikuwa wamekaa kimya ukutani wakisubiri kuambiwa habari mbaya. Mtunzaji alikuwa jikoni analia juu ya masufuria, na mimi fomu yangu haikuwa na swali lolote kuhusu hali hiyo.

Bibi asiye na meno ndiye aliyenifuata. Alikaa karibu yangu bila kukaribishwa.

"Mwanangu, umemfanya nini mjukuu wetu?"

"Ni mjukuu wenu?"

"Siku alipofika alimwuliza kila mmoja, wewe ni nani wangu? Mimi nilisema bibi, huyu akasema babu, yule akasema babu. Sasa mjukuu asipomtania bibi yake, atamtania nani, padre? Mimi watoto wangu wote nimewazika. Asubuhi nikisikia ananitukana najua bado nina mtu."

Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka naipisha njia. Kwani mimi nilizaliwa na fomu? Kwetu Mbeya babu yangu aliniita mke wake mdogo tangu nilipoanza kutembea, na kila tukila nyama alinidai nimrudishie meno yake. Nami nilikuwa namjibu maneno ambayo mama akiyasikia alifunika uso. Miaka miwili ya chuo ilikuwa imenifuta hayo yote kichwani ikaniachia staha.

"Sasa bibi," nikasema, "nani aliandika barua?" Nikamwonyesha. Hakujua kusoma, lakini alitazama ule mwandiko akacheka. "Humu mwenye kalamu ni mmoja." Akanyoosha kidole kwenye chumba cha mwisho.

Nilimkuta mzee mrefu amekaa wima kitandani, koti limefungwa vifungo vyote, tai shingoni, kalamu mfukoni. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa kusini, aliyehamishiwa boma la Sumbawanga zamani, akastaafia hapo bila mke wala mtoto. Hakukana barua hata kidogo.

"Umesoma aya ya pili?" akaniuliza.

Nikababaika. "Niliisoma ya kwanza."

"Ya kwanza ni utangulizi. Barua ni ya pili."

Nikaisoma mbele yake, kwa sauti, kama mwanafunzi aliyechelewa. "Wazee wenzangu wote hutukanwa kila siku asubuhi na jioni. Mimi nina mwaka mmoja na miezi saba hapa na sijatukanwa hata mara moja. Naletewa uji, naambiwa shikamoo mzee, mlango unafungwa. Naomba ubaguzi huu ukomeshwe."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Nikaona kidevu chake kinatetemeka juu ya ile tai, na kicheko changu kikafa palepale. Nyumba nzima ile ilikuwa inatunza watu kumi, na wa kumi na moja alikuwa analishwa tu.

Nikaenda jikoni. "Mama, yule mzee wa mwisho mbona humtanii?"

"Kwa undugu gani, Ndugu? Nilimwuliza kama wenzake, wewe ni nani wangu? Akasema, 'Mimi ni Karani Daraja la Pili, mstaafu.' Sasa karani ni nani wangu? Nikimtania mtu asiye ndugu wala mtani wangu, hilo si ndilo tusi lenyewe?"

Alikuwa na haki. Jibu alikuwa nalo bibi asiye na meno, aliyekuwa amesimama mlangoni akitusikiliza bila aibu yoyote.

"Jambo dogo hilo," akasema. "Nitaolewa naye."

Hakungoja posa. Alikwenda akamtoa karani chumbani kwa kumvuta mkono, akamkalisha kwenye benchi uani, akakaa ubavuni kwake, akatangaza mbele ya wazee wote, "Huyu ni mume wangu kuanzia leo. Wewe mjukuu, njoo umsalimie babu yako."

Mtunzaji alisogea lakini akanitazama mimi. Marufuku yangu ilikuwa bado imesimama. "Ndugu, unaruhusu?"

"Naruhusu."

"Neno moja?"

"Hata mia."

Akashika kiuno. Akamtazama karani kuanzia viatu mpaka utosi. "Babu, hiyo tai kila siku ni ya nini? Unaogopa Mungu akija kukuchukua atakosa pa kukushikia?"

Karani akainua mkono, akainyoosha tai yake taratibu. Niliogopa. Kisha akasema, kwa sauti ya ofisini kabisa, "Nawe akija kukuchukua, aje na trekta."

Bibi arusi ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakamfuata, hata aliyekuwa anamngoja padre. Yule aliyegawa blanketi akadai arudishiwe. Karani alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta macho, akamwambia mtunzaji, "Endelea."

Fomu nyingine sikuwa nayo. Karatasi nazo zilikuwa za mgawo. Pale kwenye lile HAPANA lililotoboka nilibanana na pembezoni nikaandika: "Isipokuwa mzee wa chumba cha mwisho, aliyesemeshwa kwa staha kwa muda mrefu. Kasoro hii imerekebishwa Alhamisi."

Bosi aliisoma mara tatu. "Kwa hiyo anatukana au hatukani?"

"Anatukana vizuri, Ndugu."

Nikamweleza yote, na Jumatatu mtunzaji hakuondolewa.

Karani alifariki masika yaliyofuata. Nilikwenda mazikoni kwa baiskeli ileile, kwenye matope. Ndugu yake hakuja hata mmoja, maana hakuwepo wa kuitwa. Jeneza lilipofika kaburini, mtunzaji akatokea amevaa koti la marehemu, vifungo vyote, na tai shingoni, akasimama mbele ya wabebaji amenyoosha mkono, kama wajukuu na watani wafanyavyo misibani.

"Hapiti mtu. Karani Daraja la Pili hajasaini kitabu cha kutoka."

Watu walicheka huku wanalia, na mimi nililia zaidi ya nilivyocheka. Mjane asiye na meno akamwambia apishe, mvua inakuja. Mtunzaji akavua tai, akaiweka juu ya jeneza, akapiga goti kwenye udongo mbichi na kusema, "Shikamoo, babu." Hakuwa amemwambia hivyo tangu ile Alhamisi.